Shajara ya Utenzi wa Mulan

Januari, mwanzo wa kazi

Mradi huu una kazi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kutunga utenzi wa Kiswahili kuhusu Mulan, binti wa Kichina anayesimuliwa kuwa alikwenda vitani badala ya baba yake, utenzi utakaoweza kughaniwa mbele ya watu kwa nusu saa bila ya kuwachosha. Ya pili ni kuyapitia masimulizi ya baadaye ya kisa hicho, tangu tamthilia za enzi ya Ming hadi filamu za miaka ya karibuni, ili kila uamuzi wa utunzi ufanywe kwa kujua wengine walifanya nini mahali hapohapo, na walipata au walipoteza nini kwa kufanya hivyo.

Wengi wa watakaousikiliza utenzi huu wanamjua Mulan kupitia filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1998, na baadhi yao wanaamini kwamba kisa kilizaliwa humo. Kwa hiyo nimeanzia kwenye shairi kongwe lenyewe. Linaaminika kuwa lilitungwa kaskazini ya Uchina wakati wa nasaba ya Wei ya Kaskazini, iliyotawala kuanzia mwaka 386 hadi 535. Nasaba hiyo iliasisiwa na Watuoba, ukoo wa Waxianbei waliokuwa wapanda farasi wa nyika, na mahasimu wao wakubwa walikuwa wanyika wenzao, Warouran. Matini tuliyo nayo leo imehifadhiwa katika mkusanyo mkubwa wa mashairi ya kuimbwa uliofanywa na Guo Maoqian wakati wa nasaba ya Song, karne nyingi baadaye. Shairi ni fupi, la herufi za Kichina mia tatu na kidogo. Ndani yake Mulan hana jina la ukoo, hana mchumba, hana mwalimu wa kumfundisha upanga, wala hakuna mahali anapogunduliwa na mtu.

Mwenzangu aliyesomea Kichina amenipitisha mstari kwa mstari, na jambo lililonishika zaidi ni jinsi mistari ilivyogawanywa. Mulan anaanza akiwa kwenye kitanda cha kufumia nguo, na kinachosikika si mlio wa kufuma bali ni pumzi anazoshusha. Ameziona hati za kuitwa jeshini, hati 12, na katika kila moja limo jina la baba yake, ambaye hana mtoto mkubwa wa kiume. Baada ya hapo ananunua vifaa, anaondoka, na vita vyote, vya miaka 10 au 12 kutegemea mstari unaousoma, vinakwisha katika mistari 6. Kurudi kwake nyumbani, tangu wazazi wanapotoka nje ya ukuta wa mji wakishikana mikono hadi masahaba wake wanapopigwa na butwaa, kumepewa mistari 16.

Nitaitumia hesabu hiyo kama kipimo. Kila simulizi nitakalolisoma nitaliuliza limeifanyia nini ile mistari 6, na limezifanyia nini zile 16.

Januari, mwishoni

Bahari nimeshaichagua, nayo ni utenzi wa kawaida, wenye mishororo minne ya mizani nane, ambamo mishororo mitatu ya mwanzo ina kina kimoja na wa nne unabeba kina cha "ia" hadi mwisho. Hatari ya uchaguzi huu naiona mapema. Sikio la Mswahili limezoea utenzi kama chombo cha vita. Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, wenye beti zaidi ya elfu moja, unasimulia majeshi, mabingwa na panga kwa urefu ambao msikilizaji hauchoki. Mtu akisikia mapigo ya utenzi na jina la shujaa, anaanza kungoja damu.

Nimeanza na masoko, kwa sababu yanaingia kwenye ubeti kama yaliyokatiwa kipimo chake. Katika shairi la Kichina farasi ananunuliwa soko la mashariki, tandiko la magharibi, lijamu la kusini na mjeledi mrefu la kaskazini.

Mashariki mnadani
farasi kamtamani,
magharibi madukani
tandiko kajipatia.

Kusini pa mji ule
lijamu ilo teule,
na kaskazini kule
mjeledi kalipia.

Mji wenye bidhaa hizi katika soko moja bila shaka ulikuwepo, na msafiri mwenye haraka asingeuzunguka mji mzima kutafuta lijamu. Lakini mzunguko huo ndio unaotuonyesha kwamba maandalizi yalimchukua muda, kwamba aligharimia mwenyewe, na kwamba katika kila soko alipata nafasi ya kugeuza nia asiigeuze. Filamu ya mwaka 1998 imeliacha jambo hili kabisa. Pale Mulan anaondoka usiku mmoja wa mvua, anakata nywele kwa upanga wa baba yake na kuchukua deraya iliyokuwa kabatini. Ni tukio lililotengenezwa kwa ustadi mkubwa, na muziki wake unasisimua, lakini ni uamuzi wa ghafla wa kijana aliyeudhika. Binti wa masoko manne ni mtu mwingine.

Februari

Nimemaliza kumsoma Xu Wei, mwandishi na mchoraji wa enzi ya Ming aliyeishi kuanzia mwaka 1521 hadi 1593. Tamthilia yake kuhusu Mulan ina maonyesho mawili tu, na ndiyo iliyompa jina la ukoo la Hua ambalo leo limegandana naye. Xu Wei alikuwa na tatizo ambalo mtunzi wa Wei hakuwa nalo, kwani katika zama zake mabinti wa familia nzuri walifungwa miguu tangu utotoni, na mtu mwenye miguu iliyofungwa hawezi kupiga mwendo wa jeshi. Akalikabili jukwaani waziwazi. Mulan anafungua vitambaa mbele ya watazamaji, anaumia, anavaa viatu vya kiume, kisha anajiliwaza kwamba nyumbani wana dawa ya kienyeji ya kuoshea miguu ambayo itairudisha kuwa midogo atakapotaka kuolewa. Mwishoni anaolewa kweli, na kijana msomi wa ukoo wa Wang.

Ndoa hiyo imewafuata wasimulizi wengi hadi leo. Kwa maoni yangu si ubaya wa Xu Wei, ambaye alikuwa akiwachekesha watu na kuwachoma kwa wakati mmoja, bali ni urahisi wake, kwa kuwa shujaa wa kike akikosa mume mwisho wa hadithi watazamaji huhisi wamepunjwa. Utenzi wangu hautakuwa na mchumba.

Chu Renhuo, mwandishi wa enzi ya Qing aliyetunga riwaya ndefu kuhusu nasaba za Sui na Tang mwishoni mwa karne ya 17, alikwenda upande wa pili. Mulan wake ana baba wa Kituruki na mama wa Kichina. Anapigana upande wa khan wa Waturuki, anatekwa, na anakuwa dada wa kiapo wa binti shujaa mwingine, Dou Xianniang. Anaporudi nyumbani anamkuta baba ameshafariki, na khan, yaani mtawala huyo, anamtaka aingie katika nyumba ya masuria wake. Mulan anakwenda kaburini kwa baba yake na kujiua. Hakuna simulizi jingine lililonisumbua kama hili, kwa kuwa limeichukua ile mistari 16 ya furaha, yenye dada anayejipamba na mdogo wa kiume anayenoa kisu cha kuchinjia nguruwe na kondoo, na kuifanya tanga. Enzi ya Qing ilianza kwa Wamanchu kuitwaa Uchina, na watu waliokuwa na kumbukumbu ya utii uliopasuka kati ya tawala mbili huenda waliisoma riwaya hiyo kwa namna isiyo yetu.

Jina la Xianniang limejitokeza tena mwaka 2020, safari hii likiwa la mchawi anayechezwa na Gong Li katika filamu ya Disney.

Machi

Wiki hizi nimezitumia kwa filamu moja, na sijutii. Ni filamu ya Shanghai ya mwaka 1939 iliyoongozwa na Bu Wancang, ikaandikwa na Ouyang Yuqian, na Mulan akachezwa na Chen Yunshang, mwigizaji aliyeletwa kutoka Hong Kong.

Mahali ilipotengenezwa ni sehemu ya kisa chake. Kuanzia Novemba 1937 jeshi la Japani lilikuwa limeizunguka Shanghai, lakini halikuingia katika maeneo yaliyokuwa chini ya mataifa ya kigeni, na maeneo hayo yakabaki kama kisiwa katikati ya ardhi iliyotekwa hadi Desemba 1941. Watu wakayaita hivyohivyo, kisiwa cha yatima. Ndani ya kisiwa hicho studio ziliendelea kufanya kazi, ila hakuna aliyeweza kutengeneza filamu inayosema waziwazi kwamba Wachina wapigane na Wajapani. Kisa cha kale kilikuwa njia ya kupitisha ujumbe. Adui anayetoka kaskazini, na mshauri jeshini anayepokea hongo ya adui, vyote hivyo mtazamaji wa Shanghai alivisoma bila kuhitaji kuelezwa. Filamu ilionyeshwa mfululizo kwa karibu miezi mitatu, na watu walijaa.

Kisha mwaka 1940 ikapelekwa Chongqing, mji ambao serikali ya Kizalendo ilikuwa imehamia, na huko watu wakazivamia nakala zake na kuzichoma moto. Tuhuma ilikuwa kwamba waliotengeneza filamu chini ya pua ya Wajapani hawawezi kuwa wasafi. Filamu ileile iliyokuwa ikiwapa moyo watu waliozingirwa iliteketezwa na watu wa upande uleule uliokuwa ukipigana na waliowazingira. Nimeieleza hadithi hii kwa mghani wetu, mama wa makamo aliyeghani tenzi tangu ujana wake, naye akauliza swali moja tu, kama waliochoma walikuwa wameiona.

Kwa upande wa utunzi, filamu hiyo imenifundisha kitu kimoja kuhusu ile mistari 6. Kwa kuwa vita havikuelezwa katika shairi kongwe, kila kizazi kimepata nafasi ya kuingiza vita vyake. Hapo ndipo Wajapani wanapoingia, na hapo ndipo baadaye Wahunni (Huns) wenye macho ya manjano wa filamu ya mwaka 1998 wanapoingia, ingawa Wahunni wa historia ni watu wa mahali na wakati mwingine kabisa. Ufupi wa mistari hiyo ndio mlango, na msimulizi huyapitisha mlangoni yale ambayo watu wake wanayaogopa mwaka huo.

Machi, mwishoni

Chang Xiangyu alikuwa nyota wa opera ya Henan, na mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, alizunguka miji ya Uchina na kikundi chake akicheza Mulan ili kupata fedha za kulinunulia jeshi ndege ya kivita. Fedha zikatimia. Mwaka 1956 opera hiyo ikafanywa filamu.

Humo mna wimbo ambao Wachina wengi, hata wasiokwenda kwenye opera, wanaujua vipande. Njiani kwenda vitani askari mmoja, Kaka Liu, analalamika kwamba wanaume wanakwenda kufa huku wanawake wakistarehe nyumbani. Mulan, ambaye kwake ni askari mwenzake tu, anamjibu kwa kumwonyesha mambo yaliyo karibu naye, kwamba mchana wanawake wako shambani na usiku wako kwenye pamba, na kwamba viatu alivyovaa na nguo aliyovaa vimeshonwa na mikono hiyohiyo anayoidharau. Kaka Liu anaangalia miguu yake.

Hili ndilo simulizi pekee kati ya yote niliyoyapitia ambalo limekumbuka kwamba Mulan anaanza kama mfumaji. Wengine wanakiacha kitanda cha kufumia pale mwanzo, kama kitu cha kuonyesha kwamba hapo awali alikuwa binti wa kawaida, na ushujaa unaanza anapokiinukia. Opera ya Henan imekibeba hadi vitani, ikasema kwamba jeshi zima linatembea ndani ya kazi iliyotoka kwenye vitanda vya namna hiyo. Ni jambo la siasa za wakati wake, hilo halifichiki, kwani serikali mpya ilitaka wanawake waingie katika uzalishaji. Hata hivyo hoja inasimama kwa miguu yake. Nimeamua kwamba katika utenzi Mulan atalijua joho la kila askari kwa mkono uliolifuma, na kwamba hilo litatajwa kambini, mara moja, bila hotuba.

Aprili

Maxine Hong Kingston, aliyezaliwa California na wazazi waliotoka Uchina, alichapisha mwaka 1976 kitabu cha kumbukumbu ambacho sura yake mojawapo inamwingiza msichana wa Marekani katika mwili wa Mulan. Kabla ya kuondoka wazazi wanamchanja mgongoni maneno ya dhuluma walizotendewa. Kuchanjwa maneno mgongoni hakumo katika kisa cha Mulan, bali ni kwa Yue Fei, jemadari wa nasaba ya Song aliyefariki mwaka 1142, ambaye inasimuliwa kwamba mama yake ndiye aliyemchora. Wakosoaji, Frank Chin akiwa mstari wa mbele, walimshutumu kwa kupotosha urithi. Yeye alishikilia kwamba hadithi isiyobadilika kwa haja ya wanaoisimulia husahauliwa. Katika ugomvi huo niko upande wake, kwa sababu Xu Wei naye alizua miguu iliyofungwa na leo hakuna anayemshtaki.

Aprili, baadaye

Filamu mbili za Disney nimezitazama kwa kufuatanisha, na kati yao nimeiweka ile ya Jingle Ma ya mwaka 2009 ambayo Zhao Wei ndiye Mulan.

Ya mwaka 1998 ina kitu ambacho sitaki kukidharau. Mulan wake anashinda kwa akili na kwa kujirudia, na mfano mzuri ni ile nguzo ambayo kila askari ameshindwa kuipanda kwa sababu ya vyuma viwili vizito alivyofungwa mikononi, hadi alfajiri moja yeye anapovizungushia nguzo hiyo na kuvifanya ngazi. Lakini siri yake inavunjwa na jeraha. Tabibu anafungua nguo, anaona, anatoka kumwambia mkuu wa kikosi, na upanga unainuliwa juu ya shingo yake kwenye theluji.

Ya mwaka 2009 imeirefusha ile mistari 6 kuliko zote, ikaijaza uchovu, vifo vya marafiki na jangwa, na mwishoni mpenzi wake, ambaye kumbe ni mwana wa mfalme, anaozwa binti wa Rouran ili vita vikome. Ni filamu ya huzuni inayojua kwamba miaka 12 ni mingi. Tatizo ni kwamba nyumbani kunabaki kama kivuli.

Ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Niki Caro na kugharimu takriban dola milioni 200, ilikosa kumbi za sinema za Marekani kwa sababu ya korona, ikauzwa mtandaoni Septemba mwaka huo. Kelele zake zilikuwa nyingi kuliko watazamaji wake: mwigizaji Liu Yifei alikuwa ameunga mkono polisi wa Hong Kong, na majina ya mwisho wa filamu yalizishukuru idara za serikali za Xinjiang, jimbo ambalo Waislamu wengi wa jamii ya Waighuri walizuiliwa kambini. Kiutunzi, wamefuta joka la kuchekesha na nyimbo, wakampa Mulan kipaji cha kuzaliwa nacho, nguvu ya "qi" ambayo tangu utotoni inambidi aifiche. Kwa hatua hiyo ile nguzo ya alfajiri imekosa kazi, kwa kuwa aliyezaliwa na uwezo hana la kujifunza. Familia yake nayo imewekwa katika nyumba kubwa ya mviringo ya Wahakka wa Fujian, kusini kabisa, mbali na nyika za Wei kwa masafa na kwa karne. Mandhari inapendeza, na hakuna mtoto wa Wei aliyewahi kuiona.

Katika filamu hii Mulan anajivua deraya mwenyewe, katikati ya vita, na hapo kuna kitu. Ila anafukuzwa palepale na kuambiwa kwamba akirudi atauawa. Kwa hiyo filamu zote mbili za Disney zinakubaliana katika jambo moja, kwamba mwanamke aliyejulikana lazima aadhibiwe kwanza ndipo aokoe taifa na kusamehewa. Katika shairi kongwe hakuna adhabu hata kwa kidokezo. Anarudi akiwa na vyeo, anafungua mlango wa chumba chake cha mashariki, anakaa, anabadili nguo, anatengeneza nywele dirishani, kisha anatoka kuonana na wenzake. Siri ni yake, na saa ya kuitoa anaichagua yeye, akiwa kwake, baada ya kazi kwisha. Wala haombi radhi.

Hapa ndipo mradi umepata msimamo wake. Masimulizi mengi ya filamu yameikuza ile mistari 6 na kuukaza ugunduzi kwa sababu hofu ya kugunduliwa inamshika mtazamaji kwa saa mbili. Nami sina saa mbili za kujaza. Nina nusu saa na sauti ya mtu mmoja, na naweza kumpa Mulan haki ambayo filamu hazikumpa, ya kutogunduliwa.

Mei

Nimempelekea mghani sehemu mbili za kwanza. Vita vimekaa katika beti chache, mojawapo hii:

Milima mbele na nyuma,
baridi yapiga chuma,
vita mia vikauma,
jemadari kajifia.

Aliisoma kimya, kisha akairudia kwa sauti, kisha akaweka karatasi chini.

"Mwanangu, umempeleka sokoni kwa beti mbili, na vitani kama umempeleka kwa hizohizo. Watu watauliza, huyu alikwenda kununua au alikwenda kupigana?"

"Bibi, shairi lenyewe ndivyo lilivyo."

"Shairi lenyewe halitakuwa mbele ya watu. Nitakuwa mimi."

Hoja yake ni ya mtu anayejua ukumbi, na sikuweza kuipuuza. Anahitaji mahali pa kupandisha sauti na kushusha, na beti za vita ndizo alizozoea kuzitumia kwa kazi hiyo. Lakini nikiongeza mapigano nimerudi kulekule. Tulipokaa tena tukayafikia maelewano ambayo yanatoka ndani ya shairi. Kabla ya vita kuna safari, na katika safari shairi linajirudia. Alfajiri anawaaga wazazi, jioni analala kando ya Huang He, ule Mto wa Manjano, na hawasikii wazazi wakimwita, anasikia maji tu. Kesho yake anauacha mto, jioni anafika Mlima Mweusi, na tena hawasikii wazazi, anasikia farasi wa adui wakilia katika milima ya Yan. Mambo ni yaleyale, na sauti ya nyumbani imezidi kuwa mbali. Hapo ndipo tumeweka urefu.

Usiku kando ya mto
wa mama hapati wito,
ila mvumo mzito
wa maji yakipitia.

Mghani ameuchukua ubeti huu na kuupa mahadhi ya polepole ambayo sikuyawazia, akiuvuta mshororo wa tatu hadi pumzi inaisha. Nimemwongezea beti za namna hiyo kwa kila kituo cha safari. Woga wote wa vita umeingia humo, na watakapofika vitani wasikilizaji watakuwa wameshaogopa.

Joho na mkono uliolifuma limekaa katika kituo cha Mlima Mweusi, askari wanapoota moto. Mulan analitambua joho la jirani yake kwa namna pindo lilivyofungwa na hasemi kitu.

Juni

Sehemu ya kurudi nyumbani imekamilika, na ndiyo ndefu kuliko zote, kama ilivyokusudiwa. Wazazi wamepata beti zao, dada mkubwa zake, na mdogo wa kiume na kisu chake nimempa beti nyingi kuliko alizostahili kwa sababu wasikilizaji wa majaribio walimcheka kwa furaha. Nguruwe nimemwacha na kondoo nimembakisha, nisije nikampa mghani mzigo wa kuutetea ukumbini. Kisha anaingia chumbani:

Akaingia chumbani,
joho la vita mwilini,
kaliweka kitandani,
nguo zake karudia.

Nimekataa kuongeza lolote juu ya anachohisi. Shairi la Kichina halimwulizi, linamtazama tu akitengeneza nywele na kubandika ua la manjano kwenye paji la uso.

Kuhusu shairi kumalizia na sungura, ambao dume anajulikana kwa kurusha miguu na jike kwa macho yaliyofifia, lakini wakikimbia pamoja hakuna awezaye kuwatofautisha, nimeacha alama za miguu na macho na kubakisha mbio:

Sungura wako mbioni
bega kwa bega nyikani;
dume na jike, ni nani
awezaye kutwambia?

Mghani atauelekeza ubeti huu kwa wasikilizaji na kunyamaza kidogo, maana ana uhakika kwamba mtu mmoja ukumbini atajibu.

Imebaki sehemu ya baraza. Shairi linamtaja mtawala kwa majina mawili katika mistari inayokaribiana, mara Mwana wa Mbingu kwa desturi ya Kichina, mara Khan kwa desturi ya nyika, na mghani angependa nichague moja ili asiwachanganye watu. Nimeyaacha yote mawili, kwa sababu ndiyo alama iliyobaki ya mahali kisa kilipotoka, kwa watu waliokuwa Wachina na wanyika kwa pamoja, na kwa kuwa Chu Renhuo na filamu zote zimelazimika kuchagua. Yeye kwa upande wake ameshinda katika zawadi. Mulan anapokataa cheo cha uwaziri na kuomba mnyama wa kumfikisha kwao, nakala nyingine zinasema ni farasi wa mbio na nyingine ngamia. Mghani amesema ngamia, na hakutaka kunieleza kwa nini. Beti za ngamia nitampelekea wiki ijayo pamoja na nakala nzima iliyopigwa chapa kwa herufi kubwa, ili aanze kuyapanga mahadhi ya baraza kabla ya mazoezi ya Julai.